Jirani Mkali Daraja la Kwanza

Siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Wizara iliwatangazia wananchi wote kwamba kuanzia siku hiyo ushindi wa kandanda katika shule za sekondari hautaachiwa tena wachezaji peke yao. Mambo yalikuwa yamezidi. Shule moja ya kutwa, isiyo na basi wala jezi za kubadilisha, yenye mpira mmoja tu ulioshonwa upya mara tatu, ilikuwa imebeba kombe la taifa miaka mitatu mfululizo bila kuiomba Wizara kibali. Ikaundwa Tume ya Kitaifa ya Kuchunguza Chanzo, Vyanzo Vidogo na Mazingira Wezeshi ya Ubingwa, ikapewa miezi sita, magari mawili na mihuri minne. Kazi yake ilikuwa kuipata siri ya timu ile, kuiandika, na kuigawa kwa shule zote nchini kwa usawa, kama inavyogawiwa chaki.

Tume ilikuwa na Mwenyekiti, mzee mwenye heshima zake, aliyesinzia mpaka wakati wa kusaini. Ilikuwa na Mtaalamu wa Vipimo, aliyekuja na futi kamba na mizani. Lakini roho ya Tume ilikuwa Katibu.

Katibu alikuwa amefanya kazi Wizarani miaka kumi na tisa, chumba namba kumi na mbili, mkabala na choo. Kazi yake ilikuwa kupokea maombi ya vifaa vya michezo kutoka shuleni na kuyahifadhi. Aliyahifadhi vizuri. Katika miaka yote hiyo hakuna ombi lililopotea mikononi mwake, wala lililojibiwa. Sasa Mkurugenzi wa Michezo alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, na Katibu alikitaka kile kiti kuliko mwenye homa anavyotaka maji. Alikwisha kukikalia mara moja, saa ya chakula cha mchana, dakika mbili, mlango umefungwa. Kilikuwa kinazunguka.

"Safari hii, Mama Pacha," alimwambia mkewe huku akifunga tai mbele ya kioo, "nikileta ripoti ya maana, naingia pale."

"Mwaka juzi ulisema hivyohivyo kwenye ile ripoti ya filimbi."

"Ile ilikuwa awamu ya kwanza."

"Haya, Baba Pacha. Kakimbilie kiti. Ila ukirudi upite dukani, sabuni imekwisha."

Tume ilianza na kocha. Kocha alikuwa mwalimu wa useremala, mtu mfupi, penseli sikioni, na alihojiwa huku akipiga randa mguu wa dawati.

"Kwa maoni yako," Katibu alimuuliza, "ni nini kinachoifanya timu iwe bingwa?"

"Mazoezi."

Katibu aliandika. "Na nini tena?"

"Mazoezi ya jioni."

"Mwalimu, sisi tumetumwa na Waziri. Usitufiche."

"Sasa nifiche nini? Vijana wanasikilizana. Anayekosea anaambiwa, hanuni. Na kila siku tunafanya mazoezi. Hebu nishikie hapo kidogo, usiachie."

Katibu alimshikia mguu wa dawati mpaka alipomaliza, akapangusa maranda kwenye suruali, kisha akaandika daftarini: Shahidi wa kwanza alikataa kutoa ushirikiano.

Kwa hiyo ikabidi Tume itafute ukweli kwa sayansi. Mtaalamu wa Vipimo alipima urefu wa nyasi kwenye pembe nne za uwanja, akagundua kwamba pembe tatu hazina nyasi. Filimbi ya kocha ilipimwa uzito ikiwa kavu, ikapimwa tena ikiwa na mate. Jikoni, maharagwe yalihesabiwa moja moja, ikathibitika kwamba mchezaji bingwa hula maharagwe mia mbili na kumi na mawili kwa mlo, ingawa mpishi alisema hapo golikipa hajaongezwa. Mwenyekiti aliamka mara moja, akauliza kama mpira una cheti, akarudi kulala.

Ikafika mwezi wa tano, na ripoti ilikuwa na jalada zuri tu. Katibu akaanza kukosa usingizi. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuanza kuondoa picha zake ukutani.

Ndipo siku ya Jumatano ikaja timu ya shule nyingine kucheza mechi ya kirafiki. Mshambuliaji wao alikuwa jibaba la kidato cha sita, lenye mapaja kama mitungi. Dakika ya kumi na mbili likapata mpira nje ya boksi, likaufumua kwa nguvu zake zote. Mpira ukapaa juu ya goli, ukapita juu ya ukuta wa nyuma, ukaangukia upande wa pili. Kikasikika kishindo cha sufuria.

Wenyeji wote kumi na mmoja wakakaa chini. Kepteni wao, kijana mwembamba waliyemwita Sindano, akaanza kufungua kamba za viatu.

Katibu akaingia uwanjani na daftari lake. "Mbona mnakaa?"

"Mechi imekwisha, mzee. Mpira umeingia kwa Bibi."

"Si mkauchukue?"

Vijana wakacheka, lakini kwa adabu.

"Leo Jumatano, mzee," Sindano akasema. "Bibi anatoa Jumamosi. Na lazima aende mwenyewe aliyeupiga. Atachanja kuni, atateka maji, na atasimuliwa ujinga wote aliowahi kufanya babu yake. Akirudia tena, hapo hakuna Jumamosi. Bibi anauchana kwa kisu."

"Babu yake nani?" jibaba la kidato cha sita likauliza. "Mimi huyo bibi hata hanijui."

"Atakujua."

Katibu akafungua ukurasa mpya. "Na mpira mnao mmoja?"

"Mmoja tu. Ndiyo maana sisi tunapiga chini. Chini na fupi. Ukiona huna njia, unampa mwenzako. Huu mwaka wa tatu, haujaruka ukuta kwa mguu wetu."

Katibu alitazama ukuta. Alitazama vijana. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikimbia uwanjani, na tai ikamrukia begani. Alizunguka shule, akafika kwenye geti la bati lililopigwa rangi ya kijani, akagonga.

"Hodi!"

"Kama ni mpira, Jumamosi!"

"Si mpira, Bibi. Ni Tume ya Kitaifa!"

Ndani mwiko ukagonga sufuria mara mbili.

"Hiyo nayo Jumamosi!"

Akarudi Jumamosi. Bibi alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mnene, macho makavu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Jibaba la kidato cha sita lilikuwa uani linachanja kuni, machozi yakilitoka, kwa kuwa hadithi ya babu yake ilikuwa imefika kwenye mbuzi wa kuiba.

"Bibi, shikamoo. Wewe ndiye unayewafundisha hawa mpira?"

"Marahaba. Mimi na mpira wapi na wapi? Wamenivunjia vyungu vitatu na kigae cha bafuni. Nataka amani kwangu, basi."

Katibu aliandika haraka: Mhusika hana habari kwamba yeye ndiye mfumo.

Ripoti ilikuwa na kurasa mia tatu na arobaini, nayo ilihitimisha kwamba ubingwa hutokana na jirani. Pendekezo lilikuwa moja: kila shule ya sekondari nchini ipatiwe Jirani Mkali mmoja, mwajiriwa wa serikali, mwenye makazi nyuma ya goli. Na ili ukali usipoteze maana yake, kila shule ibaki na mpira mmoja. Shule zenye mipira kumi zirudishe tisa.

Sasa hapa ndipo Katibu alipoonyesha akili yake. Kada hii mpya ya watumishi elfu nne ingekuwa chini ya Mkurugenzi wa Michezo, na Mkurugenzi lazima awe na sifa za kada anayoiongoza. Basi akachukua wasifu wake mwenyewe, akauweka kando ya karatasi, akazinakili sifa za kazi taratibu kama mtu anayejishonea suti. Jirani Mkali awe na shahada. Awe na uzoefu usiopungua miaka kumi na tano wa kuzuia vitu vya watu bila kuvipoteza. Awe na uso usiotia moyo. Asiwe na historia ya kurudisha.

Waziri aliisoma ripoti kwa dakika nne, akapiga meza. "Jirani Mkali! Haya ndiyo mambo! Nani kaandika hii?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Wewe nina kazi na wewe."

Siku hiyo Katibu alinunua sabuni tatu, akampelekea mkewe.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuweka mambo sawa palepale siri ilipopatikana. Bibi hakuwa na shahada. Alipelekewa barua yenye mihuri miwili, ikimjulisha kwamba ni marufuku kwa mtu asiye na sifa kutoa huduma ya ukali ndani ya mita mia tatu za shule. Bibi alisomewa barua na kocha, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjwa na mpira.

"Nimekatazwa kuwa mkali nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa hiyo mpira ukiingia nifanye nini?"

"Uurudishe. Wameandika hapa, mara moja, kwa tabasamu."

Kocha akamsihi aombe ile kazi, akaomba, akaitwa kwenye usaili. Katibu alikuwa mmoja wa wasaili watatu. "Eleza nadharia tatu za ukali," akasomewa.

Bibi alimtazama msaili wa katikati, kijana aliyekonda. "Mwanangu, wewe umekula leo?"

Alipata alama tatu kwa mia. Kwenye fomu wakaandika: Mtahiniwa alionyesha huruma.

Na kweli Bibi alitii barua. Mpira ukiingia, aliurusha nje kabla haujaacha kudunda, akarudi kwenye mboga zake. Wiki ya kwanza vijana hawakuamini. Wiki ya pili beki mmoja alijaribu kupiga juu, ukarudi. Wiki ya tatu timu nzima ilikuwa inabutua. Golikipa alibutua, beki akabutua, Sindano mwenyewe akajaribu kufunga kutoka katikati ya uwanja. Hakuna aliyemtafuta mwenzake tena, wa nini, na mbingu iko wazi? Wakacheza na shule ya mwisho kwenye ligi, wakafungwa manne bila.

Kocha alikwenda Wizarani na penseli yake sikioni. "Mzee, mashindano ya taifa yamebaki wiki tano. Mrudishieni Bibi kazi yake."

"Haiwezekani, mwalimu. Hana sifa."

"Basi leteni mwenye sifa! Timu yangu inakufa huku naiona."

Habari zikamfikia Waziri, ambaye alikwisha kuwaambia magazeti kwamba shule ile itachukua kombe la nne chini ya mfumo wake. Akaamuru nafasi ijazwe ndani ya siku saba. Matangazo yakabandikwa nchi nzima. Waliomba watu elfu mbili. Wenye shahada hawakuwa na uzoefu wa kuzuia. Wenye uzoefu wa kuzuia walikuwa wamepoteza vitu. Mmoja alikaribia kupita, mtunza stoo wa hospitali, lakini ikagundulika kwamba mwaka fulani alirudisha blanketi.

Siku ya saba, barua ikaletwa chumba namba kumi na mbili. Katibu aliona muhuri wa Waziri, akafunga mlango, akavaa koti kwanza. Kisha akasoma akiwa amesimama.

Alipomaliza alikaa.

Jioni mkewe aliisoma ile barua mara mbili, akikausha mikono kwenye kanga. "Jirani Mkali Daraja la Kwanza," akasema. "Kwenye shule ile ile. Baba Pacha, na kile kiti kinachozunguka?"

"Ni kwa muda. Wamesema nchi nzima ni mimi peke yangu niliyetimiza sifa."

"Si uliziandika wewe?"

Katibu akaanza kulegeza tai.

"Basi umeshona kwa kipimo chako, mume wangu. Vaa." Akaenda kumaliza vyombo, na kutoka jikoni ikasikika sauti yake akijaribu kucheka kimya, na kushindwa.

Wizara haikuwa na nyumba nyuma ya goli. Ikapanga chumba cha uani kwa Bibi. Hivyo Katibu alihamia na sanduku, kitanda cha futi tatu na mafaili manne, na Bibi akawa mama mwenye nyumba wake. Kila asubuhi alivaa tai, akaketi kwenye kigoda karibu na geti, akasubiri mipira. Mipira ikaja. Mpira ukianguka, aliuchukua, akauangalia, akakumbuka kwamba Waziri alimwambia ana kazi naye, moyo ukalainika kwa matumaini, akaurudisha na kusema "karibuni tena." Alitaka jina lake lifike Wizarani likiwa safi, bila lalamiko.

"Mwanangu," Bibi alimwambia siku moja akichambua mboga, "wewe si mkali. Wewe ni mpole mwenye tai."

"Bibi, mimi niko hapa kwa muda. Waziri akija Jumanne kuzindua, nitaongea naye."

"Uongee naye nini?"

"Habari ya kiti."

Jumanne Waziri alikuja na msafara wa magari tisa. Uwanja ulikuwa umejaa, bendi inapiga, wapiga picha wamelala chini kama askari vitani. Mfumo wa Jirani Mkali ulikuwa unazinduliwa kitaifa kwa mechi ya kwanza ya mashindano, na ilipangwa Waziri apige mpira wa ufunguzi. Mpira ulikuwa mmoja, kama kanuni zilivyotaka, uliokuja na gari lake.

"Mheshimiwa, piga chini," Sindano alimnong'oneza akimwekea mpira. "Hapa tunapiga chini."

"Juu kidogo, mheshimiwa!" wapiga picha wakapaza sauti. "Uonekane!"

Waziri alikuwa mtu wa kuonekana. Akarudi nyuma hatua sita, akaja. Kiatu cha ngozi kikaukuta mpira vizuri kuliko alivyotarajia yeye mwenyewe. Watu wakashangilia. Ukapaa, ukapita goli, ukapita ukuta.

Wachezaji wote ishirini na wawili wakatazamana. Msaidizi wa Waziri alitaka kukimbia kuufuata, kocha akamshika mkono. "Kanuni ya nne ya mfumo wenu," akasema kwa upole. "Aliyepiga huenda mwenyewe."

Waziri akacheka, kwa kuwa kamera zilikuwa zinamtazama, akazunguka shule kwa miguu, jasho likimlowesha kola. Alipofika geti la kijani, Katibu alikwisha kulifungua. Mpira alikuwa ameushika kifuani, ameupangusa vumbi kwa leso yake mwenyewe.

"Mheshimiwa, karibu! Mpira wako huu hapa. Nilikuwa nataka tu, kabla hujauchukua, kukukumbusha ile habari. Kile kiti cha Mkurugenzi."

"Kiti gani?"

"Cha Michezo, mheshimiwa. Ulisema una kazi na mimi."

"Si ndiyo hii nimekupa?" Waziri alinyoosha mikono. "Kile nimempa shemeji yangu. Ameanza jana. Lete mpira, watu wako juani."

Bibi, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni, baadaye alieleza kwamba aliuona uso wa mpangaji wake ukifungwa, taratibu, kama duka linavyofungwa saa ya mwisho: kwanza macho, kisha mashavu, kisha mdomo. Katibu alirudi ndani na mpira. Akautia sandukuni, akafunga kwa ufunguo. Akatoka na fomu ya kuombea mpira.

"Jina," akasema.

"Wewe hunijui mimi?"

"Kujua si kazi yangu. Kipengele cha kwanza, kwa herufi kubwa."

Waziri aliangalia nyuma. Kamera mbili zilikuwa zimefika, na vichwa vya wanafunzi vilikuwa vimejipanga juu ya ukuta kama ndege. Akaandika jina. Akaandika umri, kazi, na sababu ya kupiga juu. Kalamu ikamwishia wino kwenye kipengele cha nne. Katibu akamwambia kalamu ya ofisi haiazimwi, akasubiri mpaka dereva alipokimbilia nyingine.

"Kipengele cha sita," Waziri akasoma kwa sauti, akihema. "Ombi liidhinishwe na Waziri. Haya! Hiki nilikitaka mimi mwenyewe. Naidhinisha."

"Geuza nyuma, mheshimiwa. Kuna maelezo."

Akageuza. Mwombaji haruhusiwi kuidhinisha ombi lake mwenyewe.

"Sasa ataidhinisha nani?"

"Waziri."

"Waziri ni mimi!"

"Ndiyo maana haiwezekani," Katibu akasema.

Akachukua fomu, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye faili. Akasukuma geti, akashusha komeo. Kule uwanjani wachezaji walikwisha kukaa chini, wanafungua kamba za viatu, na bendi haikujua ipige nini.

Bibi alimsogezea kigoda kivulini, akammiminia chai, akamwongezea sukari bila kumuuliza.

Nje Waziri alianza kugonga. Aligonga kwa vidole, akagonga kwa ngumi, akagonga kwa jina la serikali. Katibu alipuliza chai yake, akanywa. Alikuwa amekaa miaka kumi na tisa nyuma ya mlango, na kugonga kwa watu hakukuwahi kumsumbua hata siku moja.